Nusu Kikombe

Zamu yangu huanza na mfuko wa mkojo
unaoning'inia ubavuni mwa kitanda:
mililita mia mbili na kumi, rangi ya sturungi.
Naandika. Bi Somoe anaifuata kalamu kwa macho.

"Kibaba kimejaa?"
"Bado, mama. Haba na haba."

Nambonyeza mguu kwa kidole gumba,
shimo linabaki, kama unyayo kwenye udongo mbichi.
Kisha namkabidhi kikombe cha plastiki,
nusu, kimfikishe adhuhuri.

Anacheka, midomo imepasuka.
"Mwanangu, mimi wa hapahapa Newala.
Miaka arobaini nashuka bondeni na ndoo,
napanda nikigawa kichwani:
cha mkwe, cha mtoto, cha mbuzi,
changu kitakachobaki.
Leo bomba lile pale dirishani, linavuja,
nawe waniambia nusu!"

Sina jibu.
Nalowesha pamba, nampaka midomoni.
Nje bomba linasema to, to, to.
Natoka kulikaza.

Nikirudi amesinzia.
Kikombe hakijaguswa,
amekifunika kwa kisahani,
kama aliyemwekea mtu
ambaye bado yuko njiani, anapanda.