Sentimita Arobaini

Sekunde kumi na moja.
Ndiyo video nzima. Damu huioni,
baiskeli kuruka huioni, na labda hilo ndilo kosa langu:
sikufa vizuri.

Unachoona ni lami ya Kange, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
usukani wangu, simu imefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu.
Unasikia madumu ya maziwa yakigongana nyuma yangu.
Halafu ukuta.
Ukuta wa turubai la buluu,
unapita, unapita, hauishi,
na sauti yangu, ndogo, inasema "Ee Mola"
kama mtu aliyemwagikiwa chai.

Nilirudi jioni na futi ya kamba
niliyoazima kwa Bi Mwanamvua, fundi cherehani.
Alama ya tairi lake, alama ya tairi langu:
sentimita arobaini.
Nikamrudishia futi yake. "Ulikuwa ukipima nini?"
Nikasema, sanda.
Hakucheka.

Nikaituma. Niliandika maneno machache:
mwenye kumjua dereva huyu amwonyeshe,
simdai kitu, atazame tu.

Kesho yake, sijafika hata barabara ya tisa,
simu inatetemeka mfukoni
kama panzi ndani ya kibiriti.

Nunua gari, maskini wewe.
Anatafuta kiki na madumu yake.
Mtaro ulichimbwa wa nini?
Baiskeli ni ya kwendea kisimani, lami ina wenyewe.
Mmoja hakuandika neno,
alipanga tu nyuso za kucheka, ishirini, zinatoka machozi.
Na mwingine, anajiita Simba wa Duga:
*Safari ijayo dereva asikose.*

Hilo nimelisoma mara nyingi.
Kiswahili safi. Hata nukta ameweka.

Mtaro nao nilikwenda kuukagua, nisije nikawa mkaidi bure.
Kina chake kinafika mapajani.
Ndani kuna chupa, kandambili ya mguu mmoja,
maji ya kijani yasiyokwenda popote.
Humo ndimo walimotaka niingie
na lita arobaini za watu,
na lita moja ya Mama Chausiku wa mapacha,
ambayo hulipwa mwisho wa mwezi, au mwezi ule mwingine.

Na huu ni mji wa baiskeli, Tanga hii!
Baba yangu alikwenda bandarini na baiskeli,
mwalimu wangu wa hesabu alikuja na baiskeli, chaki kwenye soksi,
bibi harusi nimemwona mimi kwa macho yangu
amekaa upande kwenye kariya, Makorora,
anashikilia shela lisiingie kwenye spoku.
Nani alimwambia ashuke mtaroni?

Ijumaa nilimpelekea Sekiboko lita mbili zake.
Miaka sita nampelekea.
Akaingia ndani kutafuta chenji,
simu akaiacha barazani, kioo juu.
Ikawaka.
Sikuwa na nia ya kusoma. Lakini nimesoma shule,
na herufi zilikuwa kubwa:
*Simba wa Duga, una ujumbe mpya.*

Akatoka na sarafu.
Nikampimia lita mbili,
kisha nikaongeza ile kidogo ya juu, kama siku zote.
Mkono ulishamaliza
kabla moyo haujaulizwa.

"Pole na barabara, kaka," akasema.
"Nimeiona ile video. Madereva hawa, Mungu awaone."
Nikasema ahsante.

Akainama kuchukua sufuria, suruali ikapanda,
na pale juu ya kifundo cha mguu wa kulia
nikaona kovu, nukta nne zimejipanga:
meno ya gia.
Kovu la mtoto aliyejifunza kwenye baiskeli kubwa ya mtu mzima,
mguu umepitishwa chini ya bomba.
Mimi ninalo. Mahali palepale.

Kesho ametaka lita tatu.
Anasema ana wageni.