Kope la Tatu

Kahindi kaja amembeba mikononi kama gunia la mkaa:
Bruno, mbwa pua bapa, miguu ya meza,
Mtaliano wa Casuarina alimwachia pamoja na funguo
na ahadi ya mshahara.
Miezi minne sasa. Funguo zipo.

Pembeni mwa jicho la kushoto, upande wa pua,
punje ya komamanga imejitokeza,
nyekundu, mbichi, inang'aa.
"Jirani yangu ana wembe," akasema Kahindi,
"nikamwambia ngoja."

Daktari Mbodze hakuinua sauti.
Mbwa, alisema, ana kope la tatu,
hulivuta kama mwenye duka avutavyo pazia
adhana ikilia.
Nyuma yake kuna tezi. Ndiyo hiyo.
Imeteleza mahali pake, haijaoza.
Ukiikata leo utafurahi kesho,
na mwakani jicho litakuwa kavu, lina utando, linawasha,
maana umefukia kisima.

"Kumbe mbwa naye hulia?"
"Halii. Analowanisha tu. Kulia ni kwetu."

Kazi yangu mimi ni kushika kichwa.
Dawa ya usingizi ikapanda, ulimi ukamwagika mezani.
Daktari akachana mara mbili, huku na huku ya tezi,
michano mifupi kama alama za kucha,
akaisukuma ndani polepole
kama urudishavyo chini ya shuka
mkono wa mtoto aliyelala.
Kisha uzi, mwembamba kuliko unywele wangu,
uzi ambao utajiyeyukia wenyewe:
toboa, vuta, toboa, vuta,
fundo akalificha upande wa nje
lisije likakwaruza mboni.

Saa nne na robo umeme ukakatika.
Kahindi akawasha tochi ya simu,
mkono unamtetemeka, mwanga nao unatetemeka,
na daktari anashona akifuata mtetemeko ule ule.

"Ncha zote mbili nimeziacha wazi," akaniambia.
"Ukiziba mfuko wote, machozi yatakosa njia,
yatatuna humo humo."
Nikaliandika daftarini.
Nikalipigia mstari, kisha mstari wa pili.

Bruno alirudi Casuarina na ndoo ya rangi shingoni,
imekatwa kitako, ina neno NYEUPE kubwa,
asijikune.
Kahindi alituma mia nane kwa simu,
zilizobaki akasema nazi,
na nazi zilikuja, kumi na moja,
moja imeota.

Nyumbani Shela, shangazi Khuzaima yuko mlangoni
na maji na mchanga wa pwani kwenye kopo la maziwa.
Mara saba, moja kwa mchanga.
Nimemwambia mara ngapi kuwa huvaa glavu?
Ninyooshe mikono tu. Hesabu anaishika yeye.
Moja. Mbili. Ya tatu ya mchanga. Nne.
Ya tano kata ikasimama hewani:
"Na hilo jicho, je?"

Nikamweleza. Kisima, mfuko, ncha mbili wazi.
Akasikiliza, maji yakichuruzika kwenye kanga yake,
akasema masikini,
akasema tulikuwa ya ngapi?

Tukaanza tena.