Neno la Herufi Tatu

Makala ya kwanza niliyopewa
ilikuwa kurasa kumi na moja, pini imeshika kutu.
"Soma," alisema Dakta Malugu, "Jumatatu unieleze."
Nikaketi nayo Nyegezi, chumba cha kupanga,
bati likipigwa na mvua za vuli,
kamusi kushoto, kikombe cha uji kulia,
na kila sentensi ya Kiingereza ikawa jabali la Mwanza:
limekalia jingine, nalo limekalia jingine,
hujui lipi limelishika lipi lisianguke.

Palikuwa na neno la herufi tatu.
Ukilifukuza linarudi, kama inzi kwenye kichanja cha dagaa.
Nikasema, hili nalijua, ni mwezi wa tano!
Joto la maji likipanda, Mei, dagaa hupungua.
Mbolea ikishuka ziwani, Mei, magugu hustawi.
Nikastaajabu watu hawa wa mbali
kuyaona mambo yao yote mwezi mmoja.
Nikachora jedwali, nikaitengea Mei safu yake.

Jumatatu Dakta alicheka hadi akavua miwani,
akaifuta, akacheka tena,
kisha akaandika pambizoni kwa penseli:
huenda.

Ikaja zamu yangu ya kuandika.
Niliandika: mimi na Masunga tulipima dagaa
usiku, mwaloni Igombe, kwa tochi ya simu,
Masunga kashika mizani, mimi nimeshika daftari,
mvua ikatukimbiza mara mbili chini ya turubai.
Rasimu ikarudi nyekundu.
Mvua imekatwa. Simu imekatwa.
Masunga kalamu imempita shingoni.
Kimebaki kisentensi kimoja, kikavu:
dagaa walipimwa.

Ndivyo wanavyoandika. Kitendo kinaingia ukumbini na shati la pasi,
mtendaji anasubiri nje na matope yake.
Nikajifunza. Nikawa hodari wa kufuta,
nikafuta hata pale ambapo hakuna aliyeniambia.

Jumapili nilikwenda Kirumba kumsaidia mama.
Alikuwa anachambua dagaa, anatupa konokono na changarawe,
sado yake ya bati kati ya magoti.
"Nisomee hicho kinachokukondesha."
Nikamsomea, nikitafsiri njiani:
Dagaa walipimwa wakiwa wabichi...
Mkono wake ukasimama.
"Walipimwa na nani?"
Na mimi. Na Masunga.
"Usiku ule mliorudi mmelowa?"
Ule ule.
"Basi na ndoo ililowa. Dagaa wa mvua hudanganya mizani.
Sikuapii. Nimewanunua mara nyingi,
nikaanika, gunia likarudi nusu.
Wenu sikuwaona. Huenda nao."

Huenda.
Kaitamka bila kamusi, bila rejea,
kama anavyoacha nafasi mdomoni mwa gunia
ili kamba ipate pa kushika.
Miezi minne nilidhani ni neno la waoga,
la wasomi wanaoogopa kubanwa.
Kumbe nililisikia tangu nikiwa mgongoni,
akipatana bei na watu wa Ukerewe.

"Na hiyo karatasi utaiuza kiasi gani?"
Haiuzwi, mama.
Akatikisa kichwa, akarudi kwenye changarawe.

Usiku huo nilifungua sehemu ya mapungufu.
Nilikuwa nimeandika mistari miwili ya adabu tu,
kama mtu anayesalimia akiwa anaondoka.
Nikairudisha mvua. Nikairudisha ndoo.
Nikaandika kwa lugha yao, polepole, kwamba uzito ule,
kisha neno la herufi tatu,
ulizidi ukweli.

Masunga bado yuko nje; sikupata pa kumpitisha.
Nimemwandikia mstari nyuma kabisa, kwenye shukrani,
jina lote, herufi saba,
nimezihesabu mara tatu.