Sahani ya Baba

Mwaka ule Wenela walipochukua wanaume wa Mwakaleli
baba aliacha koti la kaki lisilo na kifungo cha juu,
deni la shilingi kumi na mbili kwa mzee Mwasomola,
na sahani ya bati yenye ua jekundu.
Tumbo la mama hakuliona. Lilikuwa bado dogo.

Koti mama alilianika kila lilipotoka jua,
na jua la kwetu, nyuma ya Rungwe,
huja kama mgeni mwenye haraka.
Alilikung'uta, akalitundika uani,
mikono ikining'inia upande wa njia,
ili apitaye aseme: mwenyewe yupo.

Giza likishuka alipaza sauti:
"Baba Gwamaka, mbalaga zimeiva!"
Akanyamaza kidogo, kiasi cha mtu kujibu.
Kisha: "Haya, nakuletea huko huko."
Sisi tulikwisha kujua kutocheka.
Gwamaka, mkubwa wetu, alikohoa huko chumbani
kwa sauti nzito aliyoiazima,
mpaka siku moja ikawa yake.

Sahani ilipakuliwa kila usiku:
ndizi mbili, maharage, maziwa ya mgando pembeni.
Ilikaa karibu na mafiga mpaka mama aseme,
"Amechelewa. Zamu ya nani?"
Jumatatu Gwamaka, Jumanne Bupe,
Jumatano mimi.
Sijala tena chakula kitamu kama kile cha Jumatano,
chakula cha mtu asiyekuwepo,
kimeshika moshi, kimekauka kingo.

Barua zilikuja mbili tu.
Ya kwanza Mwalimu Kabigi aliisoma amesimama,
kama tangazo la kodi.
Baba hakujua kuandika. Mwandiko ulikuwa wa Mnyasa fulani
aliyependa maneno makubwa:
"Mke wangu, nuru ya macho yangu..."
"Ruka hapo," mama akasema. "Huyo si yeye.
Soma penye ng'ombe."
Penye ng'ombe alikuwa yeye:
yule mwenye baka amezaa?
Mfereji wa nyuma ya zizi umezibuliwa?
Kisha salamu, jina kwa jina, mpaka kwa mbwa.

Tuntufye hakuwemo.
Alikuwa na meno manne, amelala mgongoni,
na kule chini ya ardhi ya watu
hakuna aliyekuwa amemhesabu.
"Ongeza," mama akasema.
"Barua ya mtu haiongezwi," akajibu Mwalimu.
"Basi nipe kalamu."
Naye kuandika hakujua.
Akachora mstari mmoja mfupi
kati ya Subilaga, ambaye ni mimi, na mbwa,
mstari wima, unaoyumba,
kama mtoto anayejaribu kusimama.

Baba akarudi masika, siku ya Jumatano.
Sanduku la bati kichwani, vumbi la mgodi kifuani,
blanketi lenye picha ya chui,
sabuni yenye harufu ya maua tusiyoyajua.
Ng'ombe aliwaambia "hamba!" Wakamtazama tu.
Tuntufye alikimbilia kwenye koti,
akajifunika mkono wake mmoja mtupu.
Huyo ndiye baba aliyemzoea.

Jioni sahani ikapakuliwa, naye akaila.
Yote. Akafuta mchuzi kwa kidole.
Nilikitazama kidole kile kikizunguka ua jekundu
nikamchukia, Mungu anisamehe,
kwa moyo wote wa miaka minane.

Usiku, mvua ikipiga mianzi,
mama kwa mazoea akaugeukia upande wa njia:
"Baba Gwamaka, mlango umefunga?"
Akanyamaza kidogo, kiasi kile kile.

"Nimefunga."

Mama akaruka, akaangusha kibatari.
Tukakaa gizani, sita kwa hesabu,
hakuna aliyeinuka kutafuta kiberiti,
vikohozi viwili vikijibizana.