Sarafu ya Lifti

Gldani, pembezoni mwa Tbilisi, mwezi wa Novemba.
Chini uani pana benchi moja la mbao
na juu ya benchi sisi watano,
tunabangua mbegu za alizeti,
tunabangua na wake wa watu.

Tamta huyo anakuja, kichwa wazi.
Kichwa wazi, jamani, na upepo huu
unaobisha kila mlango kama mdai!
Soksi moja iko mguuni,
ya pili imening'inia mfukoni mwa mama yake,
na mama yake, Nestani, kakaa peke yake kwenye bembea
anasoma.
Kitabu. Mchana kweupe.
Mtoto anaonja mchanga, anatema, anaonja tena,
kama mpishi asiye na hakika na chumvi.

Tsiala akasema yule hana uchungu wa mwana.
Lamara akasema ni mambo ya Ujerumani,
miaka mitatu tu kule, karudi hana hata aibu ya baridi.
Mimi sikusema na mtu.
Mimi nilimwinamia mwanangu Zurabi,
nikamzungushia skafu mara ya tatu, yakabaki macho,
nikamwambia, kwa sauti ya kuvuka ua:
"Njoo, baba. Wewe una mama."

Nililiona neno likienda.
Halikuuliza njia.
Nestani aligeuza ukurasa,
kisha akaurudisha.

Usiku, mikono ikiwa na povu la vyombo,
nilimsimulia mume wangu.
"Na huyo mtoto aliugua?" akauliza.
Nikasema, bado.
Bado! Nililitamka
kama mtu aliye kituoni anayejua basi litakuja.

Ikaja Alhamisi. Mvua, viazi kilo tano,
mkate kwapani unalowa,
na lifti yetu, mnaijua, haipandi bila sarafu.
Nikaitumbukiza.
Zurabi alitaka aitumbukize yeye.
Basi akajimwaga sakafuni, akapiga ukelele
hata mbwa wa ghorofa ya nne akaitikia,
akang'ang'ania mlango wa nje, na lifti
ikafunga, ikapanda na sarafu yangu, tupu.

Nikampiga.
Si kofi la kufundisha, nisijidanganye.
Lilikuwa la viazi, la mvua,
la mkono uliokwisha kufika kabla yangu.
Skafu ikamwanguka.
Na nilipoinua uso, Nestani alikuwa amesimama pale,
mwavuli unachuruzika, Tamta ubavuni
(na kofia, leo, ya njano).

Nilingoja. Zamu ilikuwa yake.
Nilikuwa nimemwekea hata maneno tayari,
ningeyajua yote, ni yangu.
Yeye akapekua mfuko wa koti:
ikatoka soksi, ikatoka karanga, ikatoka tetri ishirini.
Hakunipa mimi. Alichuchumaa,
akaiweka kiganjani mwa Zurabi, akasema,
"Tusaidie, mwenzetu. Sisi hatufiki."

Na hata pale, Mungu anisamehe,
pale pale, kamasi za mwanangu zikiwa mkononi mwangu,
kitu ndani yangu kikanong'ona: anamdekeza.
Mchelea mwana kulia.

Tulipanda wanne. Nestani alitazama namba.
Tamta alitazama shavu la Zurabi,
kisha akanitazama mimi, kisha shavu.
Watoto hawajafundishwa kutazama pembeni.
Ya tano. Ya sita. Sikusema asante.
Niliikumbuka ya tisa, mlango ukishafungwa.

Jumamosi kahamia mgeni, ngazi ya pili,
mwanawe kamfunga mkanda kifuani
na ncha ya mkanda kaishika yeye, kama ya mbuzi.
Benchi likasogea kunipa nafasi.
Tsiala akanimiminia mbegu, akaanza, "Hebu mwone..."
Nikazitia mdomoni zote kwa pamoja,
na maganda yake, nisiweze kusema.

Lakini macho.
Macho sikuwa na cha kuyajaza.