Sentimita Arobaini

Shemeji yangu Urho huvua viatu mlangoni,
hukung'uta theluji ya Turku kwenye koti,
na kabla hajaniuliza hali
huuliza hali ya spika.

"Bado unazo hizo?"

Bado ninazo hizo.
Zimeegemea ukuta, mume na mke,
rangi yake kahawa iliyomwagika juzi.
Moja ina kovu la jino la mbwa aliyekwisha kufa,
nyingine ilitoboka kiwambo, nikakiziba
kwa kipande cha soksi na gundi ya mbao.

Urho hupiga magoti.
Ana miaka sabini na mmoja, magoti yanamlilia,
lakini kwa kukosoa atayapiga.
Hutoa futi mfukoni. "Vidole vinne tu toka ukutani!
Tyyne, besi yako inaumuka kama mkate uliosahauliwa.
Na waya huu? Huu ni waya wa taa ya mezani."

Ni waya wa taa ya mezani.
Taa ilikufa, waya ukabaki mjane,
nikauozesha upya.

Zamani nilikuwa nikijitetea.
Nilitoa risiti, nilipandisha sauti,
mpaka Bi Saimi wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Kisha nikanunua: waya mnene kama chatu aliyeshiba,
euro mia mbili na tisini.
Nikakaa nao katika giza la Novemba
nikazisikia mia mbili na tisini zikiimba,
na zaidi ya hizo sikusikia kitu.
Nilipourudisha, muuzaji alinitazama masikio
kama daktari mwenye habari mbaya.

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.
Urho ana za kwake, ndefu, majeneza yaliyosimamishwa,
na sebule nzima imebakiwa na kiti kimoja: cha Urho.
Mkewe Raili husikilizia jikoni.
Anasema sauti nzuri iko huko.

Nimelehemu meli miaka thelathini na miwili.
Mabwana wenye kofia safi waliniambia
mshono wangu umepinda.
Mara nyingine ulikuwa umepinda.
Nikajifunza, polepole na kwa hasira,
kutenga neno lililoujia mshono
na neno lililozijia hereni zangu.
La kwanza lipokee, hata likija na mate.
La pili lina safari yake, lipishe njia.

Jumapili Urho alipoondoka, nikatafuta futi.
Waya sikuugusa.
Spika nikazivuta, zikaikwaruza sakafu,
shibiri moja, shibiri ya pili:
sentimita arobaini, kama alivyosema.

Nikatia kaseti ya kwaya,
kanisa la mbao, Machi ya sabini na nane,
baba alirekodi kwa mashine ya kuazima.
Besi ikasimama kwa miguu yake.
Na kabla ya ubeti wa tatu, mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua miaka yote,
lakini kilikuwa hakina makao, kimetapakaa chumbani.
Sasa kilikuwa na kiti.
Kushoto, safu ya pili, karibu na nguzo,
pale alipopenda kukaa mama.

Niliirudisha nyuma mara nne.
Labda tano.

Alhamisi Urho aliziona hata koti hajavua.
"Ulikuwa sahihi," nikamwambia,
na neno likatoka jepesi kuliko nilivyoliogopa.
Nikamwekea kaseti. Akafumba macho.
Tulipofika pale, akayafumbua:
"Kuna kelele hapo. Kuna kifaa kidogo cha kuichuja,
naweza kukuletea."

Nikammiminia kahawa.
"Iache," nikasema.

Akatikisa kichwa, akapiga magoti,
akaushika waya.