Pampu Namba Tatu

Mtihani wa pampu nilipata tisini na sita.
Kanuni zote nilizijua, na herufi zake za Kigiriki.
Kisha chuo kikanituma Thunder Bay, miezi minne,
na kofia ngumu ya njano
yenye jina la mwanafunzi aliyenitangulia.

Aune Kekäläinen hakuniuliza alama.
Alinivua glavu,
akauweka mkono wangu juu ya pampu namba tatu.
"Inasemaje?"
Nikamtajia mizunguko kwa dakika.
"Sikukuuliza kibao kimeandika nini."

Wiki ya pili niliagiza sili arobaini.
Kipenyo cha ndani nilikisoma kuwa cha nje.
Hata moja haikuingia.
Aune alicheka hadi miwani ikamdondoka,
kisha akanisogezea simu:
"Mpigie muuzaji. Wewe. Mwambie umekosea."
Sentensi hiyo
chuoni haina somo.

Mshahara ulipunguza deni la karo, ukaninunulia buti.
Hati ya malipo nilimtumia mama;
akaibandika kwenye friji,
pale pale palipokuwa michoro yangu ya chekechea.

Na Lachlan, niliyekuwa nakaa naye dawati moja,
alipelekwa kupiga hesabu za madaraja.
Kufikia Novemba alishajua: hapana.
Sasa anasomea ualimu.
Baba yake analalamika kwamba muhula ule umekwenda bure.
Mimi naona heri miezi minne
kuliko miaka arobaini.

Desemba, zamu ya usiku,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
ziwa limeganda hadi upeo wa taa zetu.
Napita na kikombe, nasimama.
Namba tatu ina kikohozi.
Kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema uongo.
Kibao kinasema salama.

Aune alikuja, akaweka kiganja, akafumba macho,
akaizima.
Tulipoifungua, beringi ilikuwa imeanza kulika.
Hakunisifu. Alinimiminia kahawa yake, nyeusi tii,
akasema, "Ripoti andika wewe. Jina lako chini."

Januari.
Profesa Bhogal anachora pampu ubaoni:
duara, mshale wa kuingia, mshale wa kutoka.
Wenzangu wananakili.
Mchoro uko kimya kabisa,
nami kiganja kinaniwasha.
Nanyoosha mkono:
"Samahani, beringi iko upande gani?"